Mwanzi wa Kuvulia Mzia

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia macho ya kuwaona wajukuu wangu na kumbukumbu ya kuwasimulia, na namwomba amshushie rehema na amani Mtume wetu, na jamaa zake, na kila aliyemfuata kwa wema. Baada ya shukrani hizo, nina kisa kidogo cha kukupeni, nyinyi mnaonisoma. Si kisa cha wafalme wala cha vita. Ni cha mwanzi wa kuvulia samaki.

Mwanzi wenyewe umesimama nyuma ya mlango wa chumba changu hapa Ibra. Ibra haina bahari, na wageni wakiuona hucheka, wakaniuliza kama ninavua ndani ya falaji, mfereji wetu wa kumwagilia mitende. Mimi huwaacha wacheke. Lakini mwezi wa sita, joto linapopamba moto na umeme ukikatika, mwanzi ule huanza kutoa harufu yake. Siwezi kuiita harufu nzuri. Ni mafuta ya papa yaliyozama ndani ya mti miaka mingi, na kwa mbali nta, uzi na chumvi. Ikinifikia puani tu, huwa nina miaka kumi tena. Nimesimama ndani ya duka moja la Sur, mji wa pwani, mtandio umeniteleza kichwani, jasho linanitoka mgongoni, na ninafanya kazi nzito kuliko zote nilizopata kupewa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Sisi tulihamia huku Arabuni kutoka Unguja nikiwa na miaka minne, na baba yangu akapata kazi ya ukarani serikalini hapa Ibra. Nyumbani tulisema Kiswahili, na Kiarabu cha mtaani nilikiokota uchochoroni pamoja na watoto wenzangu, kikaniingia bila kujua kimeingiaje. Mwaka ule, baada ya Idi, alitujia Mjomba Khalfan, kaka yake mama. Kule Unguja alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa kanzu zenye darizi shingoni, na watu walikuwa wakimngojea wiki nzima kuliko kwenda kwa fundi mwingine. Alikuja na sanduku moja lililofungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake, alisema, mlikuwa na mkasi wake na riziki yake. Alilisukuma chini ya kitanda na hakulifungua.

Siku ya pili baba alimchukua sabla, ile baraza ambayo wanaume wa mtaa hukaa wakanywa kahawa. Alirudi mapema. Alivua kilemba, akakaa juu ya mkeka, akatazama ukuta. Tangu siku hiyo hakutoka ila msikitini, na huko alisali akarudi bila kusimama na mtu. Mie nilijua sababu, au nilidhani naijua: Mjomba hajui Kiarabu, maskini, na mtu asiyejua lugha atazungumza na nani?

Kwangu mimi lakini hakuwa mnyamavu. Alinifundisha kupitisha uzi kwenye tundu ya sindano nimefumba macho. Alinishonea mwanasesere wa vitambaa, akamtilia darizi shingoni kama bwana harusi. Na usiku kabla ya kulala alinisimulia habari za mzia. Kwa asiyemjua, mzia ni samaki mrefu kama mtoto wa miaka mitano, mwembamba, mwenye meno ya kukata waya mbaya na tabia za jambazi. Haendi kwa makundi akishakuwa mkubwa. Husimama peke yake pembeni ya mwamba, kimya, kama kipande cha mbao kilichosahauliwa, kisha hutoka mara moja. Mjomba alimvua mwambani kwa mwanzi miaka mingi, kila Ijumaa baada ya alfajiri.

"Kwa nini kwa mwanzi, Mjomba?" nilimuuliza. "Baba anasema wavuvi wa Sur wanavuta mshipi kwa mikono."

"Wao vidole vyao si vya kushonea," alisema. "Mshipi ukikimbia na mzia hukata kama wembe. Fundi akikatwa kidole, watu wataozwa wamevaa kanzu za nani?"

Mwanzi wake alimwachia jirani. Alipolisema hilo alifika mwisho wa kisa, akanigeuzia mgongo, akasema nilale.

Kisha usiku mmoja niliwasikia wakubwa wakizungumza uani. Mjomba alikuwa amepata barua ya rafiki yake aliyekuwa na duka la kushona Mombasa. Alimwambia mama kwamba ameshamuomba baba amkatie tikiti, na kwamba Jumanne ya wiki ijayo ataondoka.

"Nchi hii ni njema, dada," alisema, "lakini mie si mtu wake."

Nilimsikia mama akifuta pua kwa upindo wa kanga. Nami nilijifunika gubigubi, nikaomba dua zote nilizofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, hata ile ya kuingia chooni, kwa kuogopa kuacha moja.

Sijui ni mama au baba aliyetoa shauri la kwenda Sur. Nadhani ni mama. Alhamisi ile baba alikuwa na safari ya kazi huko, na tulikuwa na jamaa wa kutulaza. Mama alimwambia Mjomba, "Nenda angalau ukamwone mzia wa huku, usije ukaulizwa Mombasa ukakosa la kusema." Mjomba alikubali kwa kuchoka kukataa. Nami nilitiwa garini niwe mkalimani wake, kwa kuwa baba angekuwa ofisini.

Kabla hatujaondoka, mama alinichutamia akanifunga mtandio upya, akaukaza chini ya kidevu mpaka masikio yakauma.

"Zuwena, nisikilize. Mjomba wako akiwa na huzuni ulimi wake hukata. Na watu wa sokoni nao hawanyamazi. Leo wewe ndiye mlango. Zuri lipite. Baya libaki kwako."

"Nilifanye nini, mama?"

"Limeze."

Njia ya Sur wakati ule ilikuwa ya changarawe. Tulifika mchana tumekuwa weupe kwa vumbi kama waokaji mikate, na gurudumu moja la gari limetoboka. Baba alituteremsha sokoni kwenye duka la vifaa vya baharini, akaenda kutafuta wa kuliziba.

Lilikuwa duka refu na jembamba, lenye giza la kupendeza baada ya jua. Mlikuwa na kamba za kila unene, nyavu zilizoning'inia kama mapazia, chubwi za risasi za kuzamishia mshipi ndani ya madebe, na ndoana zimechomekwa juu ya mbao kwa safu, kubwa juu, ndogo chini. Mwenye duka alikuwa mzee mrefu, mkavu, ndevu zake zimetiwa hina, jicho moja nusu limefumba. Watu walimwita Mzee Mubarak. Nilimwamkia kwa Kiarabu, nikamwambia kwamba mjomba wangu ni mgeni, anatafuta mwanzi wa kuvulia mzia, na kwamba mimi nitasema badala yake. Mzee alinitazama kwa lile jicho zima.

"Ahlan, mkalimani," akasema. "Sema."

Alikuwa na miwili ya kuuza, ya kisasa, ambayo sisi tuliiita mianzi ingawa haikuwa miti. Alileta kwanza ule mwekundu, unang'aa kama pipi. Nilitamani Mjomba auchukue hapo hapo. Mjomba aliushika, akaufumbia jicho moja, akautazama kwa urefu wake kama fundi anayetazama boriti. Kisha akavua kofia yake, na ndani ya ukingo wake akachomoa uzi wa pamba, maana mafundi wa kwetu huweka sindano na uzi kofiani. Akaupitisha uzi ule ndani ya pete zote za mwanzi, zile ambazo mshipi hupita, akauvuta taratibu huku na huku. Kwenye pete ya tatu uzi ulikwama, ukatoa manyoya.

"Umeona?" aliniambia. "Pete ina kovu. Mshipi utaliwa hapo siku ya mzia wa kwanza. Mwambie mwanzi wake huu hata kufukuzia kuku haufai."

Nililimeza la kuku. Nikamgeukia Mzee Mubarak, nikasema kwa Kiarabu, "Mjomba anasema mashallah, rangi yake inapendeza. Anauliza kama upo mwingine."

Mzee aliguna, akaleta mweusi. Mjomba aliniambia niishike ncha kwa kiganja, nisiiachie, naye akaukunja kutoka mwisho wa pili. Aliutaka upinde wote pamoja, pole pole, ncha kwanza, kisha kiuno, kisha shina. Huu ulikuwa mgumu mpaka nusu, halafu ukakunjika ghafla kama goti la mlevi. Aliurudisha juu ya meza. Mzee akasema kwa Kiarabu, na nakumbuka kila herufi, "Mwambie mjomba wako, mikono laini kama ile haijapata kuinua kitu kizito kuliko kijiko. Mwanzi gani utamfaa?"

"Anasema nini?" aliuliza Mjomba.

"Anasema una mikono mizuri."

Mjomba aliitazama mikono yake, juu na chini. "Hm," akasema.

Wakaingia kwenye ndoana. Mjomba alizijaribu moja moja kwa kuiburuta ncha juu ya ukucha wa gumba: iliyoteleza aliirudisha, iliyokwama aliiweka kando. Katika safu nzima aliweka kando tatu. Mshipi aliulamba, akaufunga fundo, akauvuta mbele ya sikio lake huku amefumba macho, kana kwamba fundo litamwambia siri. Ukalia kidogo, ukakatika. Akaomba mwingine. Kisha wakafika kwenye waya. Mzia, nilishakuambieni, ana meno, na asiyetia kipande cha waya baina ya mshipi na ndoana amemlisha samaki bure. Mjomba aliukunja waya wa duka mara tatu, ukavunjika.

"Muulize mzee wako," alisema, subira imeanza kumwishia, "waya huu wa kuvulia au wa kuanikia nguo?"

Niligeuka. "Anauliza kama unao waya mwingine, Mungu akuweke."

Mzee Mubarak aliegemea meza, akatoa hotuba. Alisema hapa Sur watu walikuwa wakimtoa mzia kabla babu yake Mjomba hajajua kunawa baharini. Alisema kila anayekuja kutoka ng'ambo hujifanya bingwa, na kwamba samaki hawaogopi kofia zenye darizi. Ilikuwa ndefu. Nilisikia masikio yakiwaka moto.

"Anasemaje?"

"Karibu Sur."

"Maneno yote yale, karibu Sur tu?"

"Kiarabu ni kirefu, Mjomba."

Mjomba alinitazama kwa muda. Niliona pembe ya mdomo wake ikitikisika, nikadhani ni hasira. Nikawaza kwamba sasa atatoka, atakaa garini kimya mpaka Ibra, na Jumanne ataondoka, na kosa litakuwa langu, mlango mbovu. Machozi yalinilengalenga. Nikaanza kutafuta neno lolote, zuri, kwa lugha yoyote.

Wakati huo Mjomba aliuona. Nyuma ya mafungu ya kamba, ukutani, ulikuwa umesimama mwanzi wa tatu. Huu ulikuwa mwanzi wa kweli, wa mti, rangi ya asali iliyoiva, na pete zake zimefungwa kwa uzi mwekundu uliosukwa misalaba midogo midogo. Chini ulikuwa na gurudumu la shaba la kukunjia mshipi. Aliinama chini ya nyavu, akausogelea, akaunusa.

"Huu umetoka kwetu," alisema taratibu. "Ufungaji huu ni wa kwetu. Muulize kaupata wapi."

Hili halikuwa na baya, nikalipitisha lote. Mzee akajibu kwa ufupi, "Ule siuzi."

"Hauzi, Mjomba."

Na Mjomba, ambaye wiki nzima hakuwa amepandisha sauti, alipiga kelele: "Basi mwambie ni dhambi! Mwanzi kama huu anauegemeza nyuma ya kamba kama fagio! Anayejua maana yake hauweki pale!"

Nilifungua mdomo. Zuri sikulipata, na baya lilikuwa kubwa mno kulimeza. Nikasimama katikati yao, nikawatazama, huyu na yule.

Mzee Mubarak hakuningoja. Alizunguka meza, akautoa mwanzi nyuma ya kamba, akaupangusa kwa kiganja, akamtia Mjomba mkononi. Kisha akashika ncha ya mshipi, akajizungushia mkononi juu ya kitambaa, akatoka nje ya duka nao.

Sijapata kuona tena jambo kama lile. Mzee mzima, mwenye ndevu za hina na wajukuu, alishuka uchochoroni akiwa samaki. Alianza kwa mwendo wa kawaida. Kisha akakata kushoto ghafla, akajificha nyuma ya punda wa muuza kuni. Gurudumu likalia kre-kre-kre. Mjomba alisimama mlangoni, mguu mmoja mbele, mwanzi umepinda wote pamoja, ncha, kiuno, shina. Wauzaji wakatoka madukani. Mtu akapiga makofi. Mzee akaachia mbio mpaka kwenye pipa la maji, dishdasha, kanzu yao ya huku, ameishika kwa mkono mmoja, na Mjomba kwa wasiwasi akabana gurudumu.

"Legeza!" alipiga kelele samaki yule, kwa Kiswahili safi cha Unguja. "Legeza, bwana we, utamkata! Mpe, mpe, mwache achoke!"

Mjomba alilegeza. Kisha akaganda. Nami nikaganda. Mshipi ulilala chini uchochoroni, na Mzee Mubarak akarudi akihema, akiukunja mkononi.

"Unajua Kiswahili," alisema Mjomba.

"Nimeuza papa mkavu Malindi ya Unguja miaka saba," alisema mzee. "Kitu gani kilichokufanya udhani sijui?"

"Basi la kuku umelisikia."

"Nimelisikia. Na la kuanikia nguo."

"Astaghfirullah. Nisamehe, mzee wangu."

"Sikusamehe mpaka uniambie: pale pembeni ya msikiti bado yupo mama wa mikate ya kumimina, yule mkali?"

"Yupo! Na ukali umezidi."

Mimi wakati huo nilikuwa nimejificha ndani ya nyavu, ninalia. Mzee alinitafuta, akazipandisha nyavu kama pazia.

"Huyu," alimwambia Mjomba, "ndiye mkalimani bora niliyepata kumwona. Kila tusi lililoingia lilitoka salamu."

"Na wewe, Zuwena," Mjomba aliniuliza, "yeye alikuwa akisema nini kwa urefu wote ule?"

"Karibu Sur," nilisema, nikijifuta macho kwa mtandio.

Hapo Mjomba Khalfan alicheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya fungu la kamba, mpaka akashika mbavu, na mzee akacheka naye, nami sikuelewa kwa nini wanacheka kiasi kile, lakini ndicho kicheko chake cha kwanza nilichokisikia tangu alipokuja kwetu, na nilikishika moyoni kama mtoto anavyoshika sarafu ya Idi.

Mwanzi ule Mzee Mubarak hakuuuza. Alisema, "Nimekuazima. Kesho baada ya alfajiri nitakuonyesha mwamba. Ukimtoa mzia ni wako. Usipomtoa, unirudishie, uje tena siku nyingine ujaribu." Akampa na zile ndoana tatu, na waya kutoka kwenye kopo lake mwenyewe, ambao haukuvunjika hata kwa kukunjwa mara kumi.

Ijumaa asubuhi tulikuwa mdomoni mwa hori, pale maji ya bahari yanapoingilia. Jua lilikuwa linachomoza, maji yametulia, rangi ya chai ya maziwa kwenye mchanga na kijani kwenye mwamba. Mjomba alivaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akatia chambo cha samaki mdogo mwenye rangi ya fedha, akakirusha mbali, akawa anakivuta kwa mapumziko: anavuta, anaacha, anavuta. Mzee Mubarak alisimama nyuma. Mimi nilichutama ukingoni.

Niliona kwanza kivuli. Kilikuja nyuma ya chambo, umbali wa mkono mmoja, hakiharakishi. Chambo kikisimama, nacho kinasimama. Kikaja, kikaja, mpaka chini ya miguu yetu, nikamwona mzia mzima mzima, mgongo wa rangi ya majani makavu na taya la chini lililotokeza, na jicho lake bapa likitutazama. Mjomba alikuwa ameacha kupumua. Na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga kelele: "Mjomba, huyo!"

Maji yakapasuka. Mwamba ukabaki mtupu.

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilihesabu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Samaki wa pekee ambaye angeweza kumzuia Mjomba nimemfukuza kwa mdomo wangu ule ule. Nilisema kwa sauti ndogo, "Nisamehe."

Mjomba alikuwa akikunja mshipi, pole pole, bado anatazama pale alipopotelea samaki.

"Si wewe," alisema. "Sauti haikumtisha. Weupe huu wa kanzu ndio uliomtisha, nimesimama kama mnara. Mzee, samaki wa huku wameshazoea nguo gani?"

"Kahawia," alisema Mzee Mubarak, kwa upole sana.

"Basi Ijumaa ijayo nitakuja na ya kahawia."

Akafuta mwanzi kwa upindo wa kanzu. Sidhani kama mwenyewe alijisikia alichosema. Mzee alimsikia, maana aligeukia bahari, akashughulika na ndevu zake. Nami sikupumua, nikiogopa kulitisha neno lile lisije likarudi chini ya mwamba.

Jioni yake nyumbani Ibra nilikwenda mbio jikoni. "Mama, Mjomba anataka kitambaa cha kahawia." Mama alisimama, upawa mkononi, mchuzi unadondoka chini. Tukasikia kutoka chumbani sanduku likiburutwa kutoka uvunguni, na kamba ya katani ikifunguliwa. Alikuwa anatafuta mkasi wake.

Hakwenda Mombasa. Alimkosa mzia Ijumaa ile ya kahawia, na iliyofuata, na nyingine nyingi, na kila mara aliurudisha mwanzi dukani. Mwishowe Mzee Mubarak alimwambia amechoka kupokea na kutoa, heri atafute cherehani akae pale pale mbele ya duka. Akahamia Sur. Mimi niliyetaka abaki kwetu, nilimpata kwa mwezi mara moja, nikajifunza kushukuru kwa hilo. Alimtoa mzia wa kwanza baada ya mwaka na zaidi, na mwanzi ukawa wake, na alipofariki ukawa wangu.

Lakini bado sijasema nililochelewa kulifahamu.

Miaka mingi baadaye, mimi ni mke wa mtu na nina watoto watatu, Mzee Mubarak alifariki dunia, Mungu amrehemu. Tulikwenda Sur kuhani msiba. Nilikaa chumba cha wanawake, na ukuta baina yetu na wanaume ulikuwa mwembamba. Nikasikia mtu akisimama upande wa pili kumsifu marehemu na kumwombea. Alisema kwa Kiarabu cha vitabu, kilichonyooka, kila herufi mahali pake, kama khatibu mimbarini. Wanawake walinyamaza kumsikiliza. Ilinichukua muda kuijua sauti ile. Ilikuwa ya Mjomba Khalfan, ambaye mbele yangu hakuwahi kusema ila Kiswahili.

Nilimngoja mlangoni. "Kiarabu hiki umejifunza lini?"

"Nikiwa mdogo kuliko wewe ulivyokuwa wakati ule," alisema. "Kwa sheikh wangu Unguja, miaka tisa nimekaa mbele yake."

Nilihisi damu ikinipanda usoni, kama mtoto. "Siku ile dukani... la mikono laini?"

"Nilisikia."

"Na la kofia ya darizi?"

"Nilisikia yote, Zuwena."

Akanieleza kwamba siku ile ya sabla alisema Kiarabu chake cha vitabu, na kijana mmoja akamwigiza, kwa mzaha tu, na watu wakacheka. Akaona haya, akaapa moyoni kwamba hataifungua tena lugha ile mbele ya watu. Akataka kuondoka. "Kisha nikakuona wewe," alisema, "jasho linakutoka, unayapika upya maneno ya wazee wawili wakaidi. Nikajiuliza, huyu mtoto anataka nini? Nikaona anataka nipendwe hapa. Ningefungua mdomo, ningekuharibia kazi yako. Nikanyamaza nikusikilize. Na nilipokwisha kukusikiliza, nilikuwa sina nguvu tena ya kupanda ndege."

"Na Mzee Mubarak, alijua kwamba unajua?"

"Aligundua pale pale, nilipocheka. Mtu asiyejua Kiarabu hawezi kuicheka 'karibu Sur' kiasi kile."

Basi mnaona, ndugu zangu. Nilidhani mimi ndiye mlango baina yao, na wao walikuwa wanasikia kila kitu juu ya kichwa changu, wakaniachia nisimame pale kwa huruma yao. Nimefundishwa, nami nimewafundisha mabinti wengi chuoni, kwamba anayepatanisha watu kwa neno jema hahesabiwi muongo. Siku hizi nikilifundisha jambo hilo huongeza kwamba anayepatanisha asijione mkubwa, pengine wanaopatanishwa ndio wanaomlea.

Mjukuu wangu ameniomba mwanzi. Nimempa uzi wa pamba kwanza, nikamwambia aupitishe kwenye pete zote, na ukikwama aniite. Hajaniita bado, Alhamdulillahi.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, namwomba Mwenyezi Mungu akupe watu watakaoyapokea maneno yako kwa upande wake mzuri, akufanye nawe uyapokee ya wenzako hivyo, aliyeondokewa na kwao amjaalie mahali pa kuweka mkasi wake, na atukutanishe sote na wale tuliowapenda, katika rehema yake. Amin.